Kabla hujalipia chumba cha biashara

Kuna pesa za namna tatu ambazo huingia katika nyumba zetu za mjini kwa ghafla na kutoka kwa ghafla vilevile. Kuna za kiinua mgongo, mtu anapostaafu au anapoachishwa kazi. Kuna za chama, zamu yako inapofika. Na kuna za urithi, kipande cha shamba la wazee kinapouzwa na ndugu kugawana. Pesa hizi zikishafika, haipiti wiki moja kabla ya mmoja wenu kusema kwamba ni heri mfungue biashara kuliko kuzila. Kauli hiyo ina busara. Tatizo ni kwamba kufikia wiki ya pili, aghalabu chumba huwa kimeshalipiwa, fundi anapaka rangi, na hakuna aliyewahi kukaa chini na kalamu.

Wazee wetu wanaikumbuka vyema miaka ya 1990, serikali ilipopunguza watumishi wake na maelfu ya watu wakarudi nyumbani na hundi mkononi. Wengine walinunua matatu kuukuu. Wengine walifungua maduka ya rejareja katika mitaa ambayo tayari ilikuwa na duka kila baada ya nyumba tatu. Wapo waliofanikiwa, tena sana. Lakini ni nadra kupata ukoo usio na mjomba ambaye matatu yake iliishia juu ya mawe nyuma ya gereji, na binamu waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya karo muhula uliofuata. Mjomba huyo hakuwa mvivu wala mlevi, ingawa ndivyo jamaa walivyopenda kusema. Mara nyingi alikosa hesabu ya ukurasa mmoja tu.

Basi leo tuifanye hesabu hiyo pamoja. Tuchukue biashara ambayo kila mtu huiona rahisi, hoteli ndogo ya chapati mtaani, maana wengi hudhani kwamba anayejua kupika nyumbani ameshamaliza nusu ya kazi.

Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo mbili hutoa chapati kama 20 za kawaida. Tuseme unaziuza Sh20 kila moja, basi pakiti inakuletea Sh400. Tuseme tena kwamba unga umekugharimu Sh170, mafuta ya kupikia Sh60 na makaa au gesi Sh40. Jumla Sh270. Kwa kila pakiti unabaki na Sh130. Bei za mtaani kwako huenda zikawa tofauti, kwa hivyo futa zangu uandike zako, ila usibadilishe utaratibu.

Mtu akiona Sh130 juu ya Sh270 hufurahi, kwani hiyo ni karibu nusu ya alichotumia. Ngoja kwanza. Chumba ni Sh10,000 kwa mwezi. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, chumba kinadai karibu Sh385 kila siku. Hizo ni pakiti tatu nzima unazopika kwa ajili ya mwenye nyumba. Msaidizi unamlipa Sh600 kwa siku. Hapo kuna pakiti nyingine nne na nusu au zaidi. Kwa hivyo ukipika pakiti nane, yaani chapati 160, ndipo chumba na msaidizi wanapoondoka wakiwa wameridhika, na wewe unaenda nyumbani mikono mitupu ikinuka mafuta.

Na wewe je? Una nauli, una watoto, una kodi ya nyumba unayolala. Tuseme unataka Sh800 kwa siku, jambo ambalo si la anasa hata kidogo. Sasa unahitaji pakiti 14. Hizo ni chapati 280 kila siku ya kazi, mvua inyeshe isinyeshe, wanafunzi wawe wamefunga shule au la. Jiulize iwapo jiko lako moja na mikono minne inaweza kusukuma na kuchoma chapati 280. Kisha jiulize swali gumu zaidi: watu wa kuzila wako wapi?

Hapa ndipo mpishi wa kweli hukucheka, kwa sababu anajua kwamba hakuna hoteli inayoishi kwa chapati peke yake. Chapati humwita mteja, lakini kinacholipa chumba ni madondo, chai, mchuzi na mayai. Sufuria moja ya maharagwe hupikwa mara moja, haihitaji kusukumwa, na sahani yake ina faida nzuri kuliko chapati iliyo kando yake. Sawa kabisa. Iandike basi sahani ya madondo kwenye karatasi yako kwa utaratibu uleule, uone inapunguza pakiti ngapi. Ninachokataa ni ile tabia ya kusema tu kwamba vitu vingine vitaongezea. Vitaongezea kiasi gani? Andika.

Kuhusu wateja, kuna njia ya zamani isiyogharimu chochote ila usingizi. Nenda mahali unapotaka kufungua, siku tatu tofauti, mojawapo iwe mwisho wa mwezi na nyingine katikati yake. Simama pale saa kumi na mbili asubuhi watu wakienda kazini, kisha saa saba mchana, kisha jioni matatu zikishusha watu. Hesabu wanaoingia katika hoteli zilizopo, uone wanaagiza nini. Wapita njia si wateja. Watu elfu moja wanaweza kupita mbele ya mlango wako wakikimbilia basi, asigeuke hata mmoja. Na iwapo kuna jengo linalojengwa karibu na unawategemea mafundi wake, uliza litamalizika lini. Nimeona hoteli zikinawiri kwa miezi minane, halafu paa likaezekwa, mafundi wakahamia kwingine, na mwenye hoteli akabaki akilaumu uchawi.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe. Katika mitaa yenye biashara nyingi utaombwa gudwili, zile pesa za kumwondoa mpangaji aliyepo au za kumlainisha mwenye nyumba ili akupe ufunguo. Wakati mwingine huzidi kodi ya mwaka mzima. Msomaji, pesa hizo zikishatoka hazirudi, na mara nyingi huwa hazina risiti. Maoni yangu ni kwamba biashara ya kwanza ya familia isianzie mahali panapodai gudwili, hata pawe pazuri namna gani. Kama ni lazima, iingize kwenye hesabu ya pakiti kama ulivyoingiza kodi, uone ni miezi mingapi utakuwa ukiipikia.

Hakikisha pia unayemlipa ndiye mwenye chumba. Wako wapangaji wanaopangisha wengine bila idhini, na wako waliojenga vibanda juu ya ardhi iliyotengewa barabara. Tingatinga likija halitauliza nani alilipa nini.

Jambo ambalo wafanyabiashara wengi wadogo hawalijui ni kwamba sheria ya Kenya inawalinda. Sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura 301, inasema kwamba upangaji wa namna hiyo ambao haukuandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, una kinga maalumu. Mwenye jengo hawezi kuamka asubuhi akatia kufuli lake mlangoni, wala kupandisha kodi kwa mdomo tu. Ni sharti akupe ilani rasmi ya angalau miezi miwili, na wewe usiporidhika unaweza kuipeleka mbele ya baraza linaloamua kesi za kodi za majengo ya biashara. Kinga hii haihusu vibanda ambavyo mwenyewe ni serikali, kwa hivyo uliza mapema uko upande gani. Na tunza risiti zako zote za kodi, au jumbe za M-Pesa zinazoonyesha ulilipa nani na lini.

Tugeukie pesa zinakotoka, na hapa nawasemesha hasa mume na mke. Biashara ikianzishwa kwa kiinua mgongo, pesa zile si za aliyestaafu pekee, hata kama jina lake ndilo lililo kwenye hundi. Ndizo karo, ndizo dawa, ndizo chakula cha miaka ijayo. Kabla ya kununua hata sufuria moja, tengeni karo ya mwaka mmoja na matumizi ya nyumba ya miezi sita, mziweke mahali ambapo biashara haifiki. Kinachobaki ndicho mtaji. Kikiwa kidogo, biashara nayo iwe ndogo. Hakuna aibu kuanzia kwenye meza mbele ya lango badala ya chumba chenye vigae.

Inapofika mtu kutaka kuweka hatimiliki ya nyumba kuwa dhamana ya mkopo, mambo hayo hayafanywi kimyakimya. Sheria ya Ardhi ya 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 zinataka idhini ya mwenzi wako kabla ya nyumba mnayoishi kuwekwa rehani. Benki itataka sahihi yake. Mke au mume anayeletewa karatasi jioni na kuambiwa atie sahihi upesi kwa kuwa meneja anasubiri, ana haki ya kuuliza maswali usiku kucha.

Ama mikopo ya simu, tuwe wakweli. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa kati ya Sh500 na Sh50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na ulipaswa kulipwa katika siku 14. Riba hiyo ni nafuu, hilo sikatai. Lakini siku 14 zinamfaa mtu anayenunua nyanya Marikiti leo na kuzimaliza kesho. Hazimfai anayenunua jiko litakalorudisha gharama yake baada ya mwaka. Mkopo wa muda mfupi ukiununulia kitu cha muda mrefu, utalazimika kukopa kwingine ili ulipe wa kwanza, na hapo ndipo mashailoki hupata wateja wao.

Karatasi za serikali huwatisha watu kuliko inavyostahili. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen bila kupanga foleni, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na ya kampuni. Ila fahamu unachonunua. Jina la biashara halikutenganishi na biashara yako: ikidaiwa, wewe ndiye unayedaiwa, hadi kochi lako la sebuleni. Kampuni yenye dhima ya kikomo ni kitu mbali mbele ya sheria, na tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 hata mtu mmoja anaweza kuisajili peke yake. Kwa hoteli ya chapati, jina la biashara linatosha. Kwa biashara itakayochukua mali ya watu kwa mkopo, fikiria kampuni.

Utahitaji leseni ya biashara ya kaunti, na kwa kuwa ni chakula, wewe na msaidizi wako mtahitaji cheti cha afya cha wanaoshika vyakula, ambacho huendewa upya kila baada ya miezi sita. Ukikosa, askari wa kaunti watakula chapati zako na kukutoza juu yake.

Na ushuru? Watu hudhani huo ni wa matajiri. Rudi kwenye chapati zetu 280. Mauzo ni Sh5,600 kwa siku, sawa na Sh145,600 kwa mwezi wa siku 26, na kwa mwaka ni zaidi ya Sh1.7 milioni. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo hayo, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwako wewe hiyo ni Sh4,368 kwa mwezi, au Sh168 kwa siku. Tazama vizuri: ni zaidi ya faida ya pakiti moja kila siku. Tena hutozwa juu ya mauzo, si faida, kwa hivyo hata mwezi wa hasara unalipa. Ni heri ulijue hilo leo, kalamu ikiwa mkononi, kuliko kulijua baada ya miaka mitatu kwa barua yenye faini.

Nawageukia wanafunzi, kwani najua gazeti hili husomwa pia katika mabweni ya vyuo. Biashara yenu ya kawaida ni mitumba. Wawili mnachangia pesa, mnaingia Gikomba alfajiri, mnachagua kamera, zile nguo safi za mwanzo belo linapofunguliwa, na kuziuza chuoni kwa bei mara mbili. Hakuna ubaya. Baadaye mnaona mnunue belo zima, na hapo mchezo hubadilika, maana belo halionekani ndani. Kamera hulipa, lakini lazima mjue mtapeleka wapi zile nguo za chini ambazo hakuna msichana wa chuo atakayezigusa.

Hata hivyo belo haliharibu urafiki kama linavyouharibu ukimya. Mmoja ametoa Sh12,000, mwingine ametoa Sh3,000 lakini ndiye anayebeba, anayefua, anayepiga pasi na kuuza mlango kwa mlango. Faida itagawanywaje? Mkiulizana siku ya kwanza, ni mazungumzo ya dakika kumi. Mkiulizana baada ya pesa kuonekana, ni ugomvi wa maisha. Andikeni nani ameleta nini, kazi ya mwenye mikono inalipwa kiasi gani kabla ya faida kugawanywa, na mmoja akihamia chuo kingine ataondoka na nini. Mkumbuke pia kwamba katika ubia wa kawaida mdai anaweza kumfuata mmoja wenu kwa deni lote, naye ndiye atajua atakavyokutafuta wewe mwenziwe.

Ushauri huohuo wawafaa ndugu. Mpwa aliyetoka kijijini kusaidia hotelini si mali ya bure. Mpe ujira unaojulikana, hata kama ni mdogo kwa kuwa anakula na kulala kwako. Asiyelipwa hujilipa mwenyewe kutoka kwenye droo, naye huona amechukua haki yake, na kusema kweli huenda ni haki yake.

Droo nayo tuitazame. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, pesa za biashara na za nyumbani zimelala katika simu moja kama mapacha. Mteja analipa saa nne, saa tano unanunua mboga ya nyumbani, saa sita unamtumia mama kijijini. Ikifika jioni hujui iwapo umepata au umepoteza. Chukua tili ya Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara, ili zinazoingia kwa kazi zibaki upande wao. Jilipe zile Sh800 zako kila jioni na uishi kwazo. Mama kijijini atumiwe kutoka humo.

Deni la daftari lina utamu wake, kwani humfunga mteja. Lakini kila sahani ya mkopo umeshailipia unga. Nakumatt, duka lililoanzia Nakuru likiuza magodoro na kufikia matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, halikuanguka kwa kukosa wateja waliotaka kununua. Lilishindwa kuwalipa waliolileteya bidhaa, nao wakaacha kuleta. Mwaka wa 2017 rafu zilikuwa tupu, na Januari 2018 mahakama ikaliweka chini ya msimamizi. Wewe katika daftari lako ndiwe unayeleta bidhaa. Weka kikomo kwa kila mteja, na mfundi asiye na tarehe ya malipo asiingie daftarini.

Limebaki jambo moja ambalo familia nyingi hulikwepa kwa kuogopa mkosi. Kabla ya kufungua, kubalianeni mtasimama wapi mambo yakienda kombo. Si kusema tu kwamba tutaona. Andikeni kiasi, kwa mfano kwamba mtaji ukishapungua kwa nusu mtafunga na kuuza vyombo. Na andikeni tarehe, kwa mfano kwamba miezi tisa ikipita kabla ya biashara kulipa chumba na msaidizi, hamtaiongezea hata shilingi ya karo. Mwenye wazo la biashara atakataa, kwa kuwa ana imani nalo. Msubirini amalize kusema, kisha mwandike hata hivyo, nyote wawili mtie sahihi, na mtoto mkubwa aliye na umri wa kuelewa asomewe. Karatasi hiyo iwekeni pale mnapoweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, halafu kesho asubuhi ndipo mmpigie simu mwenye chumba.